Mpira wa Mgeni wa Fainali

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, wakati jezi za timu nzima zilipofuliwa katika beseni moja, palikuwa na kijiji cha wachuma chai kule Rungwe kilichoitwa Isyeto. Kijiji hicho kilikuwa na kiungo wa mpira, jina lake Gwakisa.

Gwakisa alijua kugawa mipira. Katika mechi za kawaida aliona njia ambazo wenzake hawakuziona. Akipiga pasi, mwenzake anaukuta mpira miguuni, hana haja hata ya kugeuka. Lakini kila mwaka Isyeto walifika fainali na kukutana na majirani zao wa Lwifwa, na kila fainali Gwakisa alikuwa mtu mwingine.

Fainali ya kwanza alitaka kuwapiga chenga watu watatu mbele ya goli lake mwenyewe. Akanyang'anywa, wakafungwa.

Fainali ya pili alimrudishia kipa mpira mwepesi usiofika. Mshambuliaji wa Lwifwa akauwahi, wakafungwa.

Fainali ya tatu, dakika za mwisho, winga wao Lugano alikuwa peke yake upande wa kushoto, kanyoosha mkono juu. Gwakisa akapiga mwenyewe kutoka mbali. Mpira ukaangukia kwenye mashamba ya chai. Lwifwa wakaanza upya, wakashuka, wakafunga.

Watu wakampa jina: Mgeni wa Fainali.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na watu watatu waliobeba mzigo wake.

Wa kwanza ni kipa, Anyosisye. Siku ile ya fainali ya pili, mashabiki walipoingia uwanjani kwa hasira wakiuliza nani kawauza, Anyosisye alitangulia mbele akasema, "Ni mimi. Nilichelewa kutoka." Wengi walikuwa mbali, hawakuona vizuri, wakamwamini. Gwakisa alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Akanyamaza. Mwaka mzima Anyosisye alichekwa kisimani na sokoni, hata mama yake mzazi akamuuliza kama macho yanamsumbua. Mwaka mzima Gwakisa akanyamaza.

Wa pili ni kocha, Mwalimu Asajile, aliyeifundisha timu ile miaka kumi na tisa. Baada ya fainali ya tatu kamati ya kijiji ilimwita. Wakamwambia, "Mwalimu, huyu mtu mwondoe."

Mwalimu akasema, "Mwacheni acheze mwaka mmoja zaidi. Tukikosa kombe, nitawarudishia filimbi, na uwanjani sitakanyaga tena."

Wakakubaliana. Mwalimu hakumwambia Gwakisa neno hilo.

Wa tatu ni mkewe, Tusekile. Huyu mpira hakuujua hata kidogo. Lakini baada ya fainali ya tatu mumewe alilala siku mbili kauelekea ukuta, hali, hasemi. Tusekile akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Bupe, hebu nieleze. Lugano ulimwona?"

"Nilimwona."

"Sasa mbona hukumpa?"

Gwakisa akasema, "Niliwasikia watu. Nikawaza, nikimpa akakosa, watasema nimempa asiyeweza. Nikashindwa kuamua. Mguu ukapiga wenyewe."

"Kwa hiyo siku hiyo huchezi na Lwifwa. Unacheza na midomo ya watu."

"Ndivyo ilivyo, Mama Bupe."

Tangu hapo, kila jioni akitoka kuchuma chai, Tusekile alikwenda naye uwanjani, mtoto mgongoni. Walisimamisha vigogo vya migomba kila upande, kila kigogo ni mchezaji. Gwakisa akipokea mpira, Tusekile anamzomea. "Mgeni wa Fainali! Unatetemeka! Tupishe!" Na Gwakisa anatakiwa atazame, achague kigogo, apige. Akikosea, wanarudia. Tusekile alimtukana mumewe kwa maneno yote aliyoyasikia kijijini, na njiani kurudi nyumbani alilia, kwa sababu maneno mengine yalikuwa makali na yeye ndiye aliyeyatamka. Wanawake wenzake wakasema ndoa imemshinda. Jioni iliyofuata akarudi naye uwanjani.

Fainali ya nne ikakaribia. Siku moja kabla, timu ilipokusanyika na wazee wa kamati wakiwapo, Gwakisa alisimama.

"Goli la mwaka juzi lilikuwa langu," akasema. "Mpira niliurudisha vibaya. Anyosisye hakuchelewa. Nimemwacha achekwe, na mimi nilikuwapo."

Anyosisye akavuta gunia alilokalia, akampa nafasi. "Kaa, ndugu yangu," akasema. "Nilikuwa nasubiri uyaseme mwenyewe."

Siku ikafika. Mnadhani alicheza vizuri tangu mwanzo? Hapana. Dakika ya kumi alirudia yale yale, akapiga chenga mahali pabaya, akanyang'anywa, wakafungwa. Uwanja mzima ukamzomea. Mzee mmoja wa kamati akamfuata Mwalimu Asajile. "Mtoe."

Mwalimu akatikisa kichwa.

Lwifwa wakapata penalti. Ingeingia, habari ingeishia hapo. Anyosisye akairukia kulia, akaitoa.

Gwakisa alipopokea mpira tena, watu wakazidi kumzomea. Yeye akasikia maneno aliyokwisha kuyasikia jioni mia moja, kwa sauti ya mtu anayempenda. Akatazama. Akachagua. Akampa Lugano, Lugano akasawazisha. Na dakika ya mwisho mpira ukamfikia Gwakisa mbele ya goli, nafasi ya kupiga anayo, jina lake la kulisafisha liko mguuni pake. Lugano alikuwa kushoto, kasimama vizuri zaidi. Gwakisa akampa.

Isyeto wakachukua kombe.

Waandaaji wakamkabidhi Gwakisa mpira wa fainali uwe wake, kwa kuwa ndiye mchezaji bora wa siku hiyo. Akaushika, akasema, "Huu si wangu. Nitampa anayestahili."

Kesho yake akawakusanya wale watatu nyumbani kwake. Walikula ndizi, wakanywa chai, na mpira ukiwa katikati ya mkeka. Gwakisa akasema, "Sijui vizuri mlivyoumia. Niambieni msinifiche."

Anyosisye akasema, "Sikuombi. Ila umeniuliza. Mimi nilibeba kosa lako mwaka mzima, wala sikujua kama utalisema siku yoyote. Na kama nisingelibeba, wangekufukuza siku ile ile, hii fainali ya nne usingeiona."

Mwalimu Asajile akasema, "Mimi niliweka rehani miaka kumi na tisa." Hapo ndipo Gwakisa aliposikia habari ya filimbi kwa mara ya kwanza. Akainamisha kichwa. Mwalimu akaendelea, "Jana, ulipokosea, ningekutoa, kila mtu angenielewa. Nilikuacha."

Tusekile akamlaza mtoto begani. "Hawa walikulinda, na nawashukuru," akasema. "Lakini walikulinda ukabaki vile vile. Mimi nilikuuliza unaumwa wapi. Kisha nikakutukana, Baba Bupe, ili upone. Wewe maneno yale umeyasahau. Mimi nikikutazama usoni bado nayasikia."

Gwakisa akauchukua mpira, akaupakata kama mtoto. Akamtazama kipa wake. Akamtazama mwalimu wake. Akamtazama mkewe. Uwanjani sasa alikuwa amejua kuamua. Hapa mkekani, mikono ikawa mizito.

Nanyi mliokaa hapa, msiniambie aukate vipande vitatu, maana mpira ukikatwa ni ngozi tu. Wala msiniambie abaki nao, alikwisha kusema si wake. Wale watatu wanamtazama, na chai inapoa. Je, nani alistahili?