Mashine Iliyofundishwa Adabu

Wazee walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hawakumtaka mtu ajitoboe. Walitaka mgeni ajifunze desturi za wenyeji, hata kama anang'aa kuliko wao, hata kama hana roho. Mgeni wa namna hiyo aliwahi kufika Gitega, tena ndani ya boksi.

Rashida aliendesha duka la vitambaa karibu na soko la Gitega. Duka lilikuwa la baba mkwe wake, mzee Bahadurali, aliyekaa Muyinga na kuagiza mali kutoka nje. Rashida alimbembeleza muda mrefu mpaka akamnunulia mashine ya hologramu, ile inayochora picha kwa mwanga ikasimama hewani kama mtu hai. Mteja anainua mkono, jicho la mashine linaufuata, na binti wa mwanga anageuka na kubadilisha nguo. Ukiipenda nguo, anakuja kukukabidhi. Ukiipokea, taa inawaka kwenye rafu ya kitambaa chenyewe.

Mzee alikubali shingo upande. "Jumamosi nitakuja," alisema kwa simu. "Nikikuta watu wanaitumia, duka jipya la Muyinga utaliendesha wewe. Nikikuta inawashangaza tu, nairudisha ilikotoka, na Muyinga nitatafuta mtu mwingine."

Kwa Rashida mashine ilikuwa tiifu kama kivuli. Kwa wateja ilikuwa kaidi kama mbuzi anayevutwa mvuani. Binti wa mwanga alikuja mpaka karibu, amebeba imvutano, vazi lile la sherehe linalofungwa begani. Mteja akinyoosha mkono apokee, binti anazimika. Wanawake wa mtaa wa Musinzira walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakaondoka mikono mitupu.

Fredi, fundi cherehani wa pale barazani, aliondoa mguu kwenye cherehani akasogea.

"Madamu, ile kitu yako iko na kiburi. Inaita watu, watu wanakuja, inafunga mlango."

"Haina kiburi, Fredi. Watu wanaiogopa."

"Mi siogopi. Enfin, kidogo tu."

Akajaribu, binti akamzimikia usoni. Baraza zima likaangua kicheko. Fredi akarudi kwenye kiti chake akinung'unika kwamba hata mke wake hajawahi kumfungia mlango upesi hivyo.

Rashida hakucheka. Alikaa nyuma ya meza, kidevu mkononi, akawa anatazama. Mashine alikuwa ameitazama vya kutosha; sasa alitazama watu. Kwa nini waliweza kumgeuza yule binti huku na huku, wakashindwa kwenye kupokea tu? Swali lilimkaa kama mwiba kidoleni.

Ijumaa aliingia Kasilda, mkulima wa Gishubi, pamoja na binti yake Raissa aliyekuwa akijiandaa kufunga ndoa kanisani Mushasha. Kasilda alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilinyooka na ulimi wake ulikata.

Raissa alimgeuza binti wa mwanga kushoto, kulia, akambadilishia njano kwa bluu. "Mama, huyu ana kiuno kunishinda!"

"Kiuno cha mwanga hakilimi mihogo," mama alijibu. "Chagua nguo."

Raissa akachagua nyeupe. Binti akamjia. Raissa akanyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto ukapanda wenyewe ukaushika kwenye kiwiko. Giza.

Rashida aliruka kitini. Kumbe! Mashine ilitoka kiwandani ikijua kwamba mikono miwili ikigusana maana yake ni kuzima picha.

"Mkono mmoja, mdogo wangu! Huo wa kushoto uache chini."

Raissa akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akamtazama mama yake.

"Hapana," alisema Kasilda. "Mwanangu hapokei nguo ya harusi kwa mkono mmoja, kama mtu anayepokonya."

"Mama Raissa, huu ni mwanga tu. Si mtu."

"Na sisi tunaomtazama ni mwanga? Leo apokee hivyo hapa, kesho atapokea hivyo kwa mama mkwe wake. Twende, Raissa."

Uso wa Rashida uliwaka moto. Yeye mwenyewe alizaliwa Muyinga, na hakuna mteja aliyewahi kumpa kitu kwa mkono wa kulia bila kuushikia kwa wa kushoto, kwa heshima. Naye alifanya hivyo hivyo bila kujua, kama mtu anavyopumua. Kwa mashine peke yake ndiko alikonyoosha mkono mmoja, kama muuzaji wa mashine alivyomwelekeza. Alikimbilia barazani.

"Mama Raissa, ngojeni! Mkono wa mwanao hauna kosa. Mgeni ndiye hajui. Nisaidieni tumfundishe."

Kasilda akasimama. "Kwani inafundishika?"

"Sijui. Nataka kujua."

Mashine ilikuwa na sehemu ya kujifunza ishara: unasimama mbele yake, unaifanya, inaitazama na kuikumbuka. Lakini papo hapo ugomvi ukazuka. Raissa alishika kiwiko, Kasilda alishika karibu na kiganja kama bibi yake, na Fredi alishika juu kabisa.

"We fundi unashika kama umeumwa na nyuki!" Kasilda alimcheka.

"Oya, mama, ndivyo kwetu!"

"Hakuna aliyekosea," alisema Rashida. "Wote mpokee."

Wakapokea, wakarudia, wakapokezana na wapita njia, mpaka binti wa mwanga akaacha kuzimika. Raissa alipopokea imvutano nyeupe na taa ikawaka kwenye rafu, Kasilda alipiga vigelegele kama yuko harusini tayari.

Kesho yake mzee Bahadurali alishuka garini na vumbi la safari. Rashida akafungua mdomo kueleza.

"Usinifundishe," alisema mzee. "Mteja hafundishwi kununua."

Rashida akarudi nyuma ya meza. Mzee akamgeuza binti wa mwanga, uso umekunjamana. Binti akamjia na kitambaa cha kahawia. Mzee akanyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto ukaja polepole ukaushika kwenye kiwiko. Taa ikawaka kwenye rafu.

Mzee hakuitazama taa. Aliutazama mkono wake.

"Nani aliiambia kwamba mimi napokea hivi?"

"Watu wa hapa, Baba. Wameifundisha wao."

Mzee akacheka taratibu. "Babu wa mume wako alipofika Muyinga alipokea kwa mkono mmoja. Hakuuza hata sindano, mpaka majirani walipomwonea huruma wakamfundisha." Akamgeukia Rashida. "Duka la Muyinga ni lako. Na mashine hii uipeleke, lakini watu wa kule waifundishe upya kwa namna yao."

Mtu huja na mali, mashine huja na mwanga, na wote wawili husubiri barazani mpaka wajue hili: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.