Bi Mviringo na Hesabu ya Vilima Vinne

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na aliye na pua laini akae mbali.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walisema na watu wakasikiliza, palikuwa na Jumbe mmoja akiitwa Mlekwa. Nchi yake ilikuwa na vilima vinne: Mlima Nyasi, Mlima Maji, Mlima Kivuli, na Kilima Upara, ambacho hakikuwa na cha kujivunia ila mawe na michongoma.

Chini ya mawe ya Upara aliishi Bi Mviringo. Bi Mviringo alikuwa dundu, na kazi yake ilikuwa kuviringisha mavi. Msicheke. Kila asubuhi alikwenda vilima vya jirani, akachagua mavi mazuri, akayafinyanga donge, akalisukuma kwa miguu ya nyuma hadi kwake, akataga yai ndani yake na kulifukia. Mwaka ule alikuwa na madonge tisa ardhini, yai moja katika kila donge. Na yai la dundu likishafukiwa halihamishwi. Ukilitikisa, umeliua.

Basi watu wakaongezeka, mashamba yakabana, shoka likawa linalia kutwa. Jumbe akaita watu na wanyama.

"Kilima kimoja tutakichoma, tulime," akasema. "Vitatu visiguswe na shoka, wala moto, wala jembe. Lakini sitaki aina hata moja ya kiumbe ipotee nchini mwangu. Hata mbu. Mbu simpendi, ila ni mbu wangu."

Akamwita karani wake, Pazi, mtu wa kamba ndefu na akili fupi. "Nenda ukahesabu. Kila mnyama, fundo moja. Wapelekee chakula ili watoke mafichoni. Kilima chenye mafundo machache ndicho tutakachokichoma."

Siku ya kwanza Karani Pazi akaenda Mlima Nyasi na wapagazi wa matikiti. Ngiri akatoka, nyani akatoka, pundamilia akatoka, wao na koo zao zote, wakiimba:

"Nihesabu, Karani, nihesabu,
tumbo langu ndilo shahidi!"

Wakala, wakahesabiwa. Mafundo mia.

Jioni Ngiri akawaambia wenzake, "Jamani, kesho Mlima Maji kuna mahindi."

"Wako wenzetu kule, watahesabiwa wao," akasema Pundamilia. "Sisi si wa Mlima Maji."

"Tumbo halina kwao," akajibu Ngiri. Wakatimua mbio.

Siku ya pili, Mlima Maji, mahindi.

"Nihesabu, Karani, nihesabu,
tumbo langu ndilo shahidi!"

Karani akamkazia macho Ngiri. "Wewe nilikuona wapi?"

"Ulimwona kaka yangu, bwana. Tumefanana kwa ubaya."

Mafundo mia na hamsini.

Siku ya tatu, Mlima Kivuli, mtama.

"Nihesabu, Karani, nihesabu,
tumbo langu ndilo shahidi!"

"Wewe nilikuona jana!"

"Huyo ni binamu. Ubaya wa ukoo wetu hauchagui mlima."

Mafundo mia mbili, na kamba nusura iishe.

Siku ya nne Karani akapanda Upara. Chakula kilikuwa kimekwisha, akaja na ukoko. Kobe akatoka. Kinyonga alikuwa mbele ya pua yake, lakini alikuwa na rangi ya jiwe, Karani akamtundikia kofia. Konokono alikuwa ameshaondoka nyumbani tangu alfajiri, yu njiani.

"Karani, na mimi nimo!" akaita Bi Mviringo.

"Nimhesabu mchukua mavi? Jumbe atanicheka."

Akafunga fundo moja, la kobe, akashuka. Kesho yake konokono akafika. Akauliza, "Chakula kiko wapi?"

Mbiu ikapigwa: baada ya siku tatu, Upara utachomwa.

Bi Mviringo akakaa juu ya madonge yake tisa, akalia. Halafu akaondoka kwenda kazini, maana huzuni haifinyangi donge. Akafika Mlima Kivuli, akapasua mavi ya ngiri. Ndani yake mna mbegu za tikiti.

"Ala! Si hawa walipewa mtama?"

Akaenda Mlima Maji, akapasua mavi ya nyani. Mbegu za tikiti! Akafinyanga madonge mawili, moja la kila mlima, akayasukuma hadi Upara, akaita, "Kobe, baba, nisaidie mzigo."

"Mzigo gani?"

"Usiulize. Wewe beba tu."

Kobe akabeba mgongoni, pole pole, pole pole, pole pole. Siku ya tatu walipofika barazani, mienge ilikuwa inawashwa.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Mavi."

Jumbe akaziba pua. "Mavi ya nani?"

"Hilo ndilo swali, Jumbe. Mwambie Karani apasue. Kwa vidole, kama mimi. Hili nimelitoa Mlima Kivuli, na hili Mlima Maji."

Karani akapasua, uso umekunjamana. Mbegu zikamwagika mkekani.

"Pazi, kule Mlima Kivuli uliwapa nini wanyama?"

"Mtama, Jumbe."

"Mlima Maji?"

"Mahindi."

"Na matikiti?"

"Mlima Nyasi tu."

Jumbe akageuka. Ngiri alikuwa anaangalia mawingu. "Ngiri, hebu imba ule wimbo wako."

Ngiri akaimba kwa sauti ya mgonjwa, "Tumbo langu ndilo shahidi..."

"Shahidi keshasema. Zimeni mienge!"

Wakatumwa wahesabuji wanne, asubuhi moja, kila mmoja kilima chake, na safari hii fundo likafungwa kwa aina, si kwa kichwa. Nyasi, Maji na Kivuli vikatoa aina zile zile, kama kurudia mboga ya jana na juzi. Upara ukatoa kobe wa mawe, konokono, kinyonga, chura wa ukubwa wa ukucha, na Bi Mviringo, na hakuna hata mmoja wao aliyeonekana kwingine.

Basi Mlima Nyasi ukalimwa, kwa kuwa kila aina iliyokuwa pale ilikuwapo Maji na Kivuli. Upara haukuguswa. Na Jumbe akaongeza: "Kwa kuwa hamtulii, msitu wa kati ya Maji na Kivuli nao usikatwe mti." Watu wakauita Njia ya Walafi, na ndilo jina lake. Ngiri akaamriwa kila akimbiapo ainue mkia, mkaguzi asipate taabu. Anauinua mpaka leo.

Mvua ikanyesha, madundu tisa wakatoka ardhini na njaa yao.

"Mama, tunakula nini?"

Bi Mviringo akawasukumia yale madonge mawili aliyorudi nayo kutoka barazani.

"Kuleni, wanangu. Huo ni ushahidi."

Hadithi yangu inaishia hapo hapo, penye harufu. Asiyeamini na akapasue mwenyewe.