Mwalimu Korongo na Gogo la Watoto

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma, mmelala? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Nawasimulia habari za mwalimu mmoja. Mimi pia nimeshika chaki miaka ishirini na sita, lakini mwalimu huyu si mimi. Huyu ana mabawa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare, kulikuwa na shule kando ya kijito. Shule upande huu, nyumba upande ule, kijito katikati. Kiangazi kijito kililala. Masika kiliamka, kikavimba, kikanguruma, guuu, guuu, na watoto wadogo wakabaki nyumbani. Masika yaliyopita Kobe mdogo alijaribu kuvuka. Chubwi! Maji yakamchukua. Wenzake wakamkuta mbali huko chini, kakwama kwenye mizizi, miguu juu, anahema. Tangu siku hiyo hakuonekana darasani, hata kiangazi, kwa kukiogopa kijito.

Mwalimu wa shule hiyo alikuwa Korongo. Mrefu, msafi, shingo imenyooka. Aliwapenda watoto, hilo nalisema bila kusita. Ila sauti yake mwenyewe aliipenda zaidi kidogo.

Siku moja Kanga akaja na mbiu. "Bibi Kifaru wa nyuma ya kilima anawasaidia vijana wenye mradi wa kuifaa jamii! Nguvu anazo za kusukuma hata magogo! Sharti ni moja: mradi uwe wa vijana wenyewe, mwalimu awasaidie tu kuupanga. Anakuja siku ya saba!"

Nguchiro, monita wa darasa, akawakusanya wenzake. Wakakaa, wakabishana, wakapatana, wakaandika kwenye jani la mgomba. Wakalipeleka kwa mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumeandika mpango."

"Marahaba. Lete tuone."

Jani lilisema: Tunataka gogo la kuvukia na kamba ya kushikilia, ili Kobe arudi shule.

Mwalimu Korongo akasoma. Akakohoa. "Ni huu tu?"

"Ni huu, Mwalimu."

"Utangulizi uko wapi?"

"Kobe ndiye utangulizi, Mwalimu."

"Kobe si utangulizi! Kaa chini."

Akashika kalamu nyekundu. Kwaru, kwaru, kwaru. Akafuta gogo, akaandika daraja. Kwaru, kwaru. Akafuta daraja, akaandika Daraja Kuu la Mawe. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaongeza lango. Akaongeza ukumbi wa mikutano. Akaongeza jiwe la msingi lenye jina la nani? Msinitazame mimi! La Korongo. Alipomaliza, jani zima lilikuwa jekundu, na kilichosalia cha watoto kilikuwa tarehe.

"Mmefanya vizuri sana," akawaambia. "Sasa mkariri."

Siku sita wakakariri. Mti haukuangushwa, kamba haikusokotwa. Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya kilima.

Siku ya saba, ti! ti! ti! Bibi Kifaru akafika. Mwalimu akamnyooshea jani. Bibi akalisukuma kando kwa pua.

"Macho yangu ni mabovu, mimi husikiliza. Wajukuu zangu, mnataka nini?"

Nguchiro akasimama wima. "Lengo kuu ni kuimarisha miundombinu... miundombinu ya... ya..." Akakwama. Mwalimu akanyoosha shingo, akamnong'oneza. "Jumuishi! Jumuishi!"

"Nani ananong'ona?"

"Ni upepo, bibi," akasema Korongo.

"Ahaa. Haya, wewe upepo, masika maji ya hapa hufika wapi?"

"Madogo tu, bibi. Hunifika magotini."

Panya Buku, mwanafunzi mwenzao, akacheka puani. Nguchiro akasema, "Bibi, magoti ya Mwalimu yako juu ya kichwa changu."

Watoto wakaangua kicheko. Korongo akatazama miguu yake. Alikivuka kijito kile kila siku, asubuhi na jioni, miaka yote, asilowe hata tumbo. Na katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina la Kobe, kila asubuhi alikuwa akiandika: mtoro. Mtoro. Mtoro. Akaona aibu, aibu kwelikweli, shingo ile ndefu ikakosa pa kujificha.

Bibi Kifaru akageuka. "Hapa sijasikia mradi wa vijana. Nakwenda zangu." Ti! Ti!

Mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi. Akiondoka huyu, masika mengine yanapita na Kobe yuko nyumbani. Korongo akamkimbilia, mabawa yakimpiga mbavuni.

"Bibi, subiri! Uliyosikia ni yangu. Watoto walikuwa na yao, mimi nikayafuta."

Bibi akasimama. "Basi nyamaza, niwasikie."

Nguchiro akasema bila kukariri. "Kuna mti mkavu pale. Panya Buku ataukata. Sisi tutasokota kamba ya ukindu. Wa kulisukuma gogo ndiye hatuna. Kobe anatusubiri, bibi."

"Hilo nimelisikia," akasema Bibi Kifaru.

Kazi ikaanza. Guguna, guguna, guguna, mti puu! Bibi akasukuma, hee! gogo likalala toka ng'ambo hadi ng'ambo. Watoto wakasokota, wakafunga. Lakini mvua ikawawahi. Maji yakapanda, guuu, na nguzo ya kamba ilikuwa bado haijachimbiwa.

"Na mimi nifanye nini?" Korongo akauliza. Lo! Mwalimu anauliza!

"Simama majini, Mwalimu, uishike kamba kwa mdomo. Usiiachie," akasema Nguchiro.

Akaingia, akaishika. Kobe, ambaye wenzake walikuwa wamemwita kutoka nyumbani, akapanda gogoni, hatua moja, hatua ya pili, kamba kaibana kwapani. Hapo Mwalimu akaliona fundo la Nguchiro. Limefungwa kinyume! Sivyo alivyowafundisha! Neno likampanda kooni, likamjaa mdomoni. Akifungua mdomo, kamba inakwenda, na Kobe anakwenda. Akalimeza. Machozi yakamtoka. Na fundo, jamani, likashika.

Kobe akafika usawa wake. Akasimama, mtoto mwenye adabu zake, maji yakinguruma chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu Korongo, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu atoke kwenye yai, hakuitikia. Akafumba macho, akayafumbua, akaikaza kamba. Kobe akaendelea, pole pole, mpaka akakanyaga nchi kavu, akaingia darasani.

Funzo ni hili, na ninyi walimu wenzangu mliojificha nyuma ya watoto mnanisikia: ukiwasaidia vijana kupanga mradi wao, wasikilize, watafutie msaada, kisha fanya kazi watakayokupa. Usiuandike upya ukawa wako. Mimi ilinichukua miaka ishirini na sita kulijua hilo. Yaani, yule Korongo.

Hadithi yangu imeishia hapo kijitoni. Iliyo nzuri mchukue, iliyo mbovu mniachie, na acheni kunitazama miguu.