Pua ya Pichani

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, bali zamani ya kamera za filamu, palikuwa na seremala wa Kilwa akiitwa Shomvi. Mikono hodari, moyo mweupe, pua ndefu. Mbona mwacheka? Ngojeni.

Shomvi alitaka mke. Mshenga wake, Bi Kirembo, akamwambia, "Tanga yuko Mwanamize, mshonaji. Nipe picha niende nayo."

Akaenda kwa Ngwali, mpiga picha. Ngwali akamtazama, akaguna, akaivalisha kamera lenzi ndefu, akarudi nyuma hatua kumi mpaka akaegemea ukuta wa jirani. Picha ikatoka, pua imetulia mahali pake kama mgeni mwenye adabu.

Kule Tanga, Mwanamize alipigwa picha na dada yake, Chausiku. Chumba kidogo, hakuna pa kurudi nyuma. Akaweka lenzi pana, akamsogelea mpaka pumzi zikagusana. Kwa karibu hivyo, kilicho mbele hukua, kilicho nyuma hupungua. Picha ikatoka: pua imetangulia, masikio hayaonekani kabisa.

Bi Kirembo akazibeba picha zote mbili. Nyuso zote mbili alizijua. Akanyamaza.

Mwanamize alipoiona picha ya Shomvi akasema papo hapo, "Huyu namtaka."

Shomvi alipoiona ya Mwanamize akaigeuza huku na huku. Akakaa nayo siku tatu. Mwisho akasema, "Macho yake yanacheka. Pua ni pua tu. Namtaka."

Ijumaa ya harusi, kule Tanga, pilau jikoni, kadhi barazani. Mwanamize akachungulia dirishani, akamwona Shomvi anakuja.

"Mama yangu! Pua imefika, mwenyewe bado yuko njiani! Sitaki, nimedanganywa!"

Pazia likamtoka mkononi. Shomvi akamwona, mzuri kuliko picha. Akafurahi, kisha yale maneno yakamchoma.

"Bibi, mimi nilikukubali na pua usiyo nayo. Wewe wanikataa kwa niliyo nayo?"

"Wewe umeongezewa, mimi nimepunjwa! Ningeambiwa kweli, huenda ningekubali. Sasa nitajuaje?"

Watu wakawageukia wapiga picha wawili na mshenga, wote waalikwa.

Ngwali akasema, "Sikuchora mtu. Nilisimama mbali tu."

Chausiku akasema, "Mimi nilisimama karibu. Na mtu aliyempenda dada yangu kwa sura ile, dada atampata wapi mwingine kama yeye?"

Bi Kirembo akasema, "Kazi ya mshenga ni kusifu. Ningeitaja pua, leo mngekula pilau?"

Kadhi akasogea dirishani. "Mwanamize, umeridhia?"

Mwanamize akamtazama Shomvi. Maskini, alikuwa ameifunika pua kwa kiganja. Roho ikamuuma. Akafungua mdomo ajibu.

Nami mpishi nikasikia harufu ya pilau kuungua, nikakimbilia jikoni. Jibu sikulisikia, na waliolisikia wananificha mpaka leo.

Basi nisaidieni. Mmoja alionyeshwa uso mzuri akaukosa. Mwingine alionyeshwa uso mbaya akaukubali. Je, nani alistahili kusikilizwa?