Saa Mbili ya Sikio, Saa Nane ya Jicho

Dawa ya sikio haitiwi jichoni. Mmemsikia fundi wa video akiisema mkacheka, mkadhani anaongea mambo ya hospitali. Tulieni basi, niwape chanzo chake.

Siwema alikuwa karani wa zahanati, na matangazo ya video aliyatengeneza yeye. Aliandika maneno mara moja tu. Kompyuta ikayasoma kwa sauti, na hayohayo yakapita chini ya picha. Safari hiyo alitangaza gari la kuwapeleka watoto wenye miguu iliyopinda kwa madaktari wageni, waliokuja kwa siku moja. Aliandika: "Gari litaondoka kesho 8:00." Kompyuta, ambayo haikulelewa kwetu, ikasema "saa nane". Siwema akafuta 8, akaweka 2. Sauti ikatamka "saa mbili", kama tunavyosema sisi. Akaisikiliza huku akipanga mafaili, akaridhika, akalituma.

Asubuhi, saa mbili, watoto kumi na mmoja walikuwa garini. Wa kumi na mbili, Mwanahawa, hakuonekana. Baba yake, Mzee Chande fundi viatu, ni kiziwi, tangazo alilisoma. Siwema akamwandikia ujumbe kumuuliza walipo.

"Nyumbani," Chande akajibu. "Si umeandika 2:00?"

Siwema akalifungua tangazo, akazima sauti, akatazama. Simu ya Chande, kama simu nyingi, huonyesha 2:00 ikishafika saa nane mchana. Akakimbilia garini.

"Bwana Kizito, nipe nusu saa," akamwomba dereva.

"Dada, kule orodha inafungwa saa nne. Nikichelewa nawakosesha hawa wote."

"Robo basi. Kosa ni langu, si la mtoto."

Kizito akageuka kuwatazama watoto. "Robo. Ikipita, naondoka."

Siwema akarukia bodaboda. Alimkuta mtoto kizingitini, amejifunga kanga, uji mkononi. Akamwonyesha baba saa ya simu, akamwashiria kwamba gari linaondoka sasa, akambeba mtoto vilevile, Chande akafuata na gauni begani. Walipofika, gari lilikuwa limeshaanza kusogea. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amekataa katakata ufungwe.

Chande alipopanda hakukaa kwanza. Aliandika kwenye simu, akaibandika dirishani Siwema aliyebaki nje asome: "Mwanangu, dawa ya sikio haitiwi jichoni." Siwema aliona haya, akalia palepale mbele za watu.

Tangu siku ile maneno ya sauti aliyaandika mbali, na ya macho mbali, na kila tangazo alilitazama mara ya pili sauti ikiwa imezimwa. Kazi hiyo alikuja kumfundisha binti mmoja tu. Ndiye huyo fundi mliyemcheka, aliyepanda ngazi sasa hivi mbiombio kwa miguu yake miwili. Mkimwona Mwanahawa, mwombeni radhi, kisha mwambieni mmeelewa: dawa ya sikio haitiwi jichoni.