Kibao Nyuma ya Mlango

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Mselem, mwenye nyumba ya wageni kando ya uwanja wa mabembea. Kila Idd uwanja ule ulifurika. Palikuwa na bembea ndefu, farasi wa mbao wanaozunguka na vibanda vya halua, na watu walileta watoto kutoka mbali. Nyumba ya kulala ilikuwa hiyo moja tu. Basi Bwana Mselem alidai apendavyo: ulipe mwezi mzima kabla ya Idd, na ulipe yote. Masharti yake aliyaandika kwenye kibao, na kibao akakitundika nyuma ya mlango. Ukiingia, hukioni. Ukishalipa ukageuka kutoka, ndipo unakisoma:

"Aliyeweka chumba amekwisha kuja. Kilichopokewa hapa hakirudishwi, si kwa ugonjwa, si kwa msiba."

Mize, mama kijana msuka mikeka, alikisoma hivyo hivyo, akiwa anatoka. Na hata hivyo asingekiona, maana mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mama mfagiaji ndiye aliyeusukuma kidogo kwa ufagio, huku anaangalia pembeni kama hana habari.

Lakini malipo yalikwisha kupokewa. Mize hakuwa na fedha. Alitoa mbuzi wake wa maziwa kwa chumba cha siku tatu, kwa sababu binti yake Kibibi alikuwa akiwaota wale farasi wa mbao tangu Idd iliyopita, na kila mmoja amekwisha kumpa jina.

Siku mbili kabla ya Idd, Kibibi akashikwa na surua. Mize akafanya kama sheria ya mji inavyotaka: nyumba aliyolala mgonjwa wa surua hutundikwa tawi la mwarobaini mlangoni, na kwa siku ishirini haingii mgeni. Mtoto akakataa uji, akakataa mchuzi. Anataka maziwa ya mbuzi wao tu. Mize akatuma ujumbe: hatuji, bwana, tafadhali nirudishie mbuzi. Jibu likaja: soma kibao.

Idd Pili asubuhi, jirani mmoja aliyewahi kuugua surua utotoni akaja bila kuitwa. "Nenda ukamfuate mbuzi wako," akasema. "Mtoto niachie mimi." Mize akavaa kanga zake, akakata tawi la mwarobaini, akaenda.

Akamkuta Bwana Mselem kwenye baraza ya ndani, amezungukwa na wageni. Pale pale alikaa kadhi wa mji, anakunywa kahawa, amekuja na wajukuu zake saba kupanda mabembea. Kwa jinsi Mize alivyochoka na jua, kadhi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Shikamoo, shehe. Bwana Mselem, nimefuata mbuzi wangu."

"Mbuzi wako? Mbuzi wangu! Ulikisoma kibao?"

"Nilikisoma."

"Kinasemaje?"

"Kinasema aliyeweka chumba amekwisha kuja."

"Basi! Umekuja tangu jana. Umelala, umeamka. Malipo yangu ni halali."

"Lakini mimi jana nilikuwa kwangu, bwana."

"Kwa kibao changu ulikuwa hapa."

"Na binti yangu?"

"Na binti yako. Chumba nambari tatu, watu wawili. Mbona unanichosha, mama wee?"

"Ninataka kuhakikisha tu. Binti yangu Kibibi kalala jana chumba nambari tatu?"

"Kalala!"

"Utasema hivyo mbele ya kadhi?"

"Nitasema mbele ya mji mzima! Shehe, shuhudia. Binti wa mwanamke huyu kalala humu jana usiku."

Mize akatoa tawi la mwarobaini chini ya kanga, akaliweka mkekani taratibu.

"Basi nionyeshe msumari, bwana, nilitundike. Kibibi ana surua."

Kadhi akaweka kikombe chini. Mgeni mmoja akaanza kuita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya juu. Mwingine alikwisha kufika kwenye mizigo.

"Mselem," akasema kadhi, "wajukuu zangu umewalaza chumba nambari ngapi?"

Bwana Mselem akatazama dari.

"Nambari ngapi, Mselem?"

"Tatu, shehe. Kilikuwa... kilikuwa kitupu."

"Kitupu vipi? Si umenishuhudisha sasa hivi?"

"Hakuja, shehe! Wallahi hakuja! Wala yeye, wala mtoto! Hawajakanyaga humu tangu Shaabani!"

"Una hakika? Maana kama alikuja, nafunga nyumba siku ishirini. Kama hakuja, hujampa chumba, na umeshika mbuzi wa watu bure. Chagua."

Bwana Mselem akajifuta jasho. Akawatazama wageni, akalitazama tawi.

"Hakuja," akasema kwa unyonge. "Mleteni huyo mbuzi."

Mama mfagiaji tayari alikuwa anakuja naye, kamba mkononi. Alikuwa amemnywesha maji na kumpangusa matope miguuni. Mbuzi akamwona Mize, akalia.

Mize akashika kamba, akaaga, akaanza kuondoka. Lakini tajiri ni tajiri. Roho ikamuuma, akamkimbilia mpaka mlangoni.

"Ngoja kwanza! Mbuzi huyu kakaa kwangu mwezi. Kala majani yangu mazuri, mizigo kwa mizigo! Siyaachi hivi hivi. Nirudishie majani yangu!"

Mize akausukuma mlango kwa kidole, kibao kikaonekana.

"Soma, bwana. Majani mbuzi kayapokea hapa hapa."