Mgongo wa Shati la Nashipae

Sogeeni, wenye masikio, maana kesi hii imenishinda.

Rubani Nashipae alikuwa na watu watatu. Kapteni Mwachofi, mwalimu wake, alijaliwa ulimi mkali. Fundi Achola alijaliwa shaka. Hakuamini hata msumari alioupigilia mwenyewe. Mdogo wake, Seina, alijaliwa sauti isiyotetemeka.

Nashipae alitaka kwenda kwenye maonyesho ya ndege ya Olorika, ambako ndege sitini hutua asubuhi moja. Mwezi mzima Mwachofi alimrudisha kwenye mambo ya mwanzo: kuruka polepole bila kuanguka, kutua juu ya alama ya chokaa. "Umekosa. Rudia," alisema, mpaka Nashipae akamchukia.

Achola naye alizuia safari siku mbili ili abadilishe mikanda ya viti iliyoonekana bado mizima. Nashipae alimwita mwoga mbele ya watu.

Siku ikafika, Seina akaketi kando yake, wakaruka hadi juu ya Olorika. Olorika wana amri moja: ukiitwa redioni usijibu, tikisa mabawa tu. Lakini kwetu anayeitwa asiitike hana adabu. Rubani wa ndege nyeupe iliyokuwa ubavuni mwao alipoitwa, aliinama kushika redio. "Naam, bwana, nimesikia, asante sa..." Ndege yake ikapinda, pangaboi lake likala ncha ya bawa la Nashipae.

Ndege nyeupe ilijibamiza chini ikawaka, mwenyewe yumo ndani. Kioo cha Nashipae kilipasuka, vipande vikamchana uso. Ndege ikalala ubavu. Mkanda wa Achola ukamchubua mabega lakini ukamshika. Damu ikamziba macho.

"Dada, kulia kidogo," Seina alisema. "Inua pua. Alama iko mbele yako."

Mikono iliyofundishwa kwa matusi ikapunguza mwendo, ikaiweka ndege juu ya alama. Gurudumu liling'oka, lakini wote wawili walitoka hai.

Sasa, katika klabu yao ya marubani, aliyeponea kifo hukata mgongo wa shati alilovaa akampa mtu mmoja tu, yule aliyemwokoa. Na mwenye kipande hicho ndiye huamua kama ataruka tena.

"Nipe mimi," Mwachofi alisema pale hospitalini. "Kesho unaruka, kabla woga haujakuzoea."

"Nipe mimi," Achola alisema. "Utaruka nikishaijenga ndege upya, hata nikichukua miaka mitatu."

Seina alikuwa na damu ya dada yake hadi viwikoni. "Nipe mimi. Huruki tena. Nilimwona yule mtu akiungua, na redio bado mkononi."

Nashipae ameshika mkasi. Anapenda kuruka kuliko kitu chochote, na anaogopa kufa. Wote watatu wamenyoosha mikono, na kila mmoja anastahili.

Je, mkasi ungekuwa mkononi mwako, shati ungempa nani?